Mfumo Unasema Umepokea, Mzigo Hujauona: Namna ya Kudai Pesa Yako

Neno "imefikishwa" kwenye simu halina maana moja. Mzigo unaweza kuwa kwa mlinzi wa getini, kwenye ghala la kargo huko Guangzhou, China, kwenye sanduku la posta la mtu mwingine, au bado umo ndani ya begi la bodaboda aliyebonyeza kitufe mapema ili orodha yake ya siku ionekane imekwisha. Kila hali ina mdaiwa wake. Kosa linalowagharimu watu wengi ni kutumia wiki mbili nzima wakigombana na dereva, ilhali dereva hajashika pesa yao, na huku muda wa kudai kwa yule aliyeishika unakwisha.

Dai lolote la namna hii huamuliwa na mambo matatu: mzigo ulifika wapi hasa, nani alimchagua msafirishaji, na pesa kwa sasa imekaa kwa nani. Ukiyajua hayo kabla ya kuandika ujumbe wa kwanza, nusu ya kazi imekwisha.

Saa 48 za mwanzo

Kabla ya kumwambia mtu yeyote, piga picha za skrini. Chukua ukurasa wa oda wenye anwani uliyoandika, bei, tarehe ya kufika iliyoahidiwa, mlolongo mzima wa ufuatiliaji wenye saa na mji, na picha ya mlangoni kama ipo. Kurasa hizi hubadilika. Muuzaji akifunga oda, baadhi ya maelezo hupotea, na anwani uliyoihariri baadaye inaweza kuonekana kana kwamba ndiyo ilikuwepo tangu mwanzo.

Kisha uliza watu wa nyumbani, mlinzi, mapokezi ya ofisini, na mwenye duka la jirani ambaye madereva wamezoea kumwachia vitu. Wasafirishaji husoma msimbo wa mzigo (barcode) na kuandika umefika mapema mara nyingi kiasi kwamba Amazon huwaambia wateja wasubiri saa 48 baada ya alama ya kufika ndipo walalamike. Subiri muda huo kama duka limekutaka usubiri, lakini usizidishe. "Tusubiri tuone wiki ijayo" ni maneno ya muuzaji anayejua tarehe ya mwisho ya dai lako kuliko unavyoijua wewe.

Mawasiliano yote yawe ya maandishi. Ukilazimika kupiga simu, ukikata tu andika: "Kaka, kama tulivyoongea saa nne asubuhi, umesema mzigo uliuacha kwa mlinzi. Naomba jina la aliyepokea na picha." Akijibu, umepata ushahidi. Asipojibu, kimya chake nacho kina tarehe.

Kwa muuzaji, ujumbe uwe mfupi na usiwe na matusi, kwa sababu atakayeusoma baadaye ni mtu wa benki au wa jukwaa, yaani tovuti au app uliyonunulia, ambaye hajui chochote kuhusu hasira zako: "Habari za kazi. Oda namba fulani imeandikwa imefikishwa tarehe fulani, saa fulani. Sijaipokea, na hakuna mtu wa nyumbani aliyeipokea. Naomba jina au saini ya aliyepokea, picha, na mahali msimbo uliposomwa. Kama havipo, naomba nirudishiwe pesa kwa njia niliyolipia." Maneno "kwa njia niliyolipia" yana kazi. Bila hayo utapewa kuponi.

Jambo la namba ya siri lisemwe mapema. Kampuni nyingi za usafirishaji mijini hutuma tarakimu kwenye simu ya mteja, na dereva huziingiza ndipo mfumo ukubali kwamba mzigo umefika. Dereva akikupigia, "Naomba ile namba, niko hapa chini nakuja," usimpe. Namba hiyo ni saini yako. Ukishaitaja kabla ya kushika mzigo, umeukabidhi ushahidi mkubwa kuliko wote upande wa pili, na dai lako linakuwa gumu mno.

Nani alimchagua msafirishaji

Hapa sheria hutofautiana kwa nchi, na tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Kenya na Tanzania zilirithi kutoka Uingereza sheria ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893. Kwa msingi wa sheria hiyo, muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo kwa ajili ya kukuletea, huhesabiwa kuwa amekukabidhi wewe, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo au Nairobi anayesema "mimi niliutoa dukani, ongea na basi" hajatunga. Dawa yake ni makubaliano. Kabla ya kulipa, mwandikie: "Bei hii ni hadi nikabidhiwe mkononi Mwanza, na mzigo ukipotea njiani hasara ni yako. Tumekubaliana?" Akijibu "sawa", mambo yamegeuka. Ni sentensi moja ya WhatsApp, na ina nguvu kuliko maelezo ya kurasa tatu baada ya mzigo kupotea.

Kwa ndugu walioko Uingereza, mambo ni kinyume. Sheria yao ya haki za walaji, Consumer Rights Act ya 2015, kifungu cha 29, inasema hatari inabaki kwa mfanyabiashara hadi bidhaa iwe mikononi mwa mlaji au mtu aliyemtaja yeye. Duka likikwambia "mdai msafirishaji", linakukwepa, kwani mkataba na msafirishaji ni wa duka. Umoja wa Ulaya nao una kanuni kama hiyo kwenye agizo lake la mwaka 2011 kuhusu haki za walaji. Lakini kuna mitego miwili. Ukiwa umeweka maelekezo kwamba mzigo uachwe barazani au kwa jirani, kuachwa pale huhesabika kuwa umekabidhiwa. Na ukiwa umemtafuta msafirishaji wewe mwenyewe, asiyekuwa kwenye orodha ya muuzaji, hatari inahamia kwako pale tu anapouchukua. Mtego huo wa pili unawagusa wengi wanaonunua mtandaoni na kupeleka moja kwa moja kwenye ghala la kargo ili vitu viende Mombasa au Dar. Muuzaji akionyesha saini ya ghala, amemaliza kazi yake.

Mzigo wa China uliosainiwa ghalani

Huku ndiko migogoro mingi ya watu wetu iliko. Unanunua kwenye masoko ya mtandaoni ya China kama Taobao, 1688 au Alibaba, unaweka anwani ya ghala la wakala Guangzhou au Yiwu, baada ya siku chache muuzaji anakuonyesha kwamba mzigo umesainiwa, na wakala anasema hajauona. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Sababu ya kwanza, na ya kuanza nayo, ni mark, yaani ile alama ya mteja inayotakiwa kuandikwa juu ya katoni: jina lako, namba yako ya simu, na mji unaokwenda. Muuzaji akiiacha, katoni inaingia ghalani na kuwekwa kwenye kona ya mizigo isiyo na mwenyewe. Haijapotea, haina jina tu. Mtumie wakala namba ya msafirishaji wa ndani ya China, siku na saa ya kusainiwa, idadi ya katoni, uzito, picha ya bidhaa, na picha ya lebo kutoka kwa muuzaji. Usimtumie namba ya oda ya dukani. Ghalani hawana mashine ya kuisoma, na mtu anayepanga katoni mia kadhaa kwa siku hataihangaikia.

Sababu ya pili ni kituo cha kuchukulia vifurushi. Wasafirishaji wa China hupenda kuacha mizigo kwenye vituo vya mtaani au makabati yenye namba, kisha ujumbe wenye namba ya kuchukulia unakwenda kwenye simu iliyoandikwa kwenye lebo. Kama muuzaji aliandika namba yako ya Tanzania badala ya ile ya ghala, hakuna aliyeupata ujumbe huo. Tangu tarehe 1 Machi 2024, kanuni za China zinamkataza msafirishaji kuacha mzigo kabatini au kituoni bila ridhaa ya mpokeaji, na faini inaweza kufika yuan 30,000. Mwambie muuzaji au wakala awasiliane na kampuni ya usafirishaji na kutaja kwamba hakukuwa na ridhaa. Jambo hilo huwaamsha haraka.

Sababu ya tatu ni mzigo kugawanywa. Oda moja, katoni mbili, namba mbili, na muuzaji amekutumia moja tu. Linganisha uzito. Kama bidhaa zako zinapaswa kuwa kilo 14 na iliyosainiwa ni kilo 6, omba namba nyingine kabla ya kumtuhumu mtu.

Wakati unatafuta, usiache oda ijifunge. Oda ya Taobao hujithibitisha yenyewe kuwa imepokelewa siku 10 baada ya mzigo kutumwa, na ikishathibitishwa pesa huenda kwa muuzaji. Fungua ombi la kurudishiwa pesa kabla ya hapo, au bonyeza kuongeza muda wa kupokea. Na kama aliyelipa ni wakala wako kwa akaunti yake, wewe huna oda pale. Yeye ndiye mnunuzi machoni pa jukwaa. Mwombe afungue dai siku hiyohiyo na akuonyeshe picha ya skrini ya dai lililofunguliwa. Muuzaji wa Alibaba aliyekushawishi ulipe nje ya jukwaa ili upunguziwe asilimia chache amekuondolea ulinzi wote, na hapo sina njia nzuri ya kukupa zaidi ya kuendelea kumbembeleza.

Wakala akiwa amekiri kupokea, kisha mzigo ukapotelea kati ya ghala na Dar, deni ni lake. Uliza risiti ya ghala yenye idadi ya katoni na uzito au ujazo. Usafiri wa ndege wa kimataifa una Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania na Kenya zimo. Mzigo ambao haujafika siku 7 baada ya siku uliotakiwa kufika unaweza kudaiwa kama uliopotea, na kesi ina miaka miwili. Kikomo cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na moja ni zaidi kidogo ya dola 1.3. Piga hesabu: simu ya gramu 400 inakupa SDR 10.4, kama dola 14. Sheria inapima kilo, haipimi bei. Ndiyo maana vitu vidogo vya bei kubwa hutangazwa thamani na kulipiwa nyongeza kabla havijaondoka, na ndiyo maana wakala anapokuuliza "thamani yake shilingi ngapi?" ukataja ndogo ili uokoe ushuru au gharama, umejipangia fidia ndogo kwa mdomo wako.

Namba za posta, za kweli na za uongo

Namba ya kimataifa ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka. Inayoanza na R ni rejista, E ni EMS (huduma ya haraka ya posta), C ni kifurushi. Inayoanza na U kwa kawaida haifuatiliwi hadi mlangoni, kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha namba ya U hana uthibitisho wa kukufikia.

Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi. Zidisha nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mpangilio huo, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa baki kwenye 11. Kwa 47312482 jumla ni 200, baki ni 2, jibu ni 9, hivyo namba kamili ni 473124829. Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5. Namba isiyokubali hesabu hii imetungwa au imekosewa kuandikwa.

Ujanja mgumu zaidi ni namba ya kweli ya mzigo wa mtu mwingine. Muuzaji tapeli hutuma bahasha ya gramu chache kwenye mji wako, kwa anwani nyingine, na mfumo unaandika "imefikishwa". Tazama uzito na uulize posta mpokeaji aliyeandikwa. Posta haitakupa jina la mtu mwingine, ila unaweza kuomba barua fupi inayosema kifurushi chenye namba hiyo hakikuandikwa kwa jina wala anwani yako. Barua hiyo huvunja dai la muuzaji. Na fahamu kwamba uchunguzi rasmi wa posta kwa kawaida hufunguliwa na mtumaji, ndani ya miezi sita tangu kutuma. Muuzaji akikwambia uufungue wewe, mrudishie kazi yake.

Jukwaa kwanza, benki baadaye

Jukwaa likiwa na ulinzi wa mnunuzi, anza huko. AliExpress hukubali dai hadi siku 15 baada ya oda kufungwa. eBay hutoa siku 30 tangu tarehe ya kufika au ya mwisho iliyotarajiwa. Muuzaji ana siku 3 za kazi kujibu, ndipo unaomba eBay iingilie. Dhamana ya A-to-z ya Amazon, kwa bidhaa za wauzaji wengine wanaouzia humo, ni siku 90 tangu tarehe ya mwisho iliyokadiriwa. PayPal hutoa siku 180 tangu malipo, lakini ukishafungua mgogoro una siku 20 tu za kuupandisha kuwa dai. Zikipita, unafungwa na haufunguliwi tena. Oda ya dola 750 na kuendelea, PayPal humtaka muuzaji alete saini ya mpokeaji. Picha ya katoni barazani haitoshi.

Jukwaa likikataa, na ulilipa kwa kadi, ikiwemo kadi ya Visa iliyomo ndani ya M-Pesa, nenda kwa aliyetoa kadi na uombe muamala upingwe. Kosa la fomu ndilo linaloua madai mengi hapa: mteja anaweka alama kwenye "siutambui muamala huu" kwa sababu inasikika kali zaidi. Hilo ni dai la wizi wa kadi. Benki itaifunga kadi, itakuta ulilipa mwenyewe, na itakukatalia. Chagua "bidhaa haikupokelewa". Kwa Visa ni sababu namba 13.1. Muda ni siku 120, unaohesabiwa tangu siku ya mwisho uliyotarajia kupokea, na hauvuki siku 540 tangu muamala. Ambatanisha oda, tarehe iliyoahidiwa, ujumbe wako kwa muuzaji na jibu lake, na jambo moja linaloonyesha tofauti: mji usio wako, uzito usiolingana, saini isiyo ya mtu unayemfahamu. Jambo moja lililo wazi linatosha; picha 40 za mazungumzo zitamchosha msomaji.

Usifungue dai la jukwaa na la benki kwa wakati mmoja. Jukwaa likiona benki imeingia, hufunga dai lake na kukuachia njia moja. Na kadi ya mtandaoni uliyolipia usiifute mpaka pesa irudi, maana hurudi kwenye kadi ileile.

M-Pesa, basi, na ngazi za juu

Pesa ya simu haina ulinzi wa namna hii. Kenya unaweza kutuma ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba urudishwe, lakini huduma hiyo ni ya aliyekosea namba. Anayedanganya kwamba alikosea ili amrudishe nyuma muuzaji anajiharibia, kwa sababu mazungumzo ya biashara yapo. Kwa muuzaji usiyemjua, lipa ukipokea, na ufungue mzigo mbele ya dereva kabla hujabonyeza kulipa.

Kwenye mizigo ya basi, risiti ndiyo kila kitu. Iandikwe kilichomo, thamani, jina na simu ya mpokeaji. "Mfuko mmoja" au "nguo" ukipotea, utalipwa mfuko au nguo. Mzigo ukisemekana umechukuliwa, omba kuona daftari la ofisi ya mwisho: jina, saini, namba ya kitambulisho. Kama walitoa mzigo kwa mtu aliyeonyesha picha tu ya risiti kwenye simu, uzembe ni wao, na hapo ndipo meneja hulegea. Nenda mapema; kamera za stendi hazitunzi picha kwa muda mrefu.

Mambo yakigoma, peleka malalamiko ya maandishi kwa kampuni kwanza, upate muhuri au namba ya malalamiko, kwa sababu bila hiyo hakuna mamlaka itakayokusikiliza. Kampuni za vifurushi Tanzania hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Kenya kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, hadi shilingi milioni 1, bila kulazimika kuwa na wakili, na sheria yake inataka hukumu ndani ya siku 60. Barua ya kusudio la kwenda huko, yenye kiasi, tarehe ya mwisho na nakala ya risiti, mara nyingi humaliza jambo kabla ya kufika.

Pesa ikirudi, angalia kiasi. Malipo ya dola hurudi kwa kiwango cha siku ya kurudishwa, kwa hiyo pungufu ya shilingi chache si wizi; pungufu ya nauli ya mzigo ndilo jambo la kuhoji, maana kwa mzigo ambao haukufika nauli nayo inadaiwa. Na mzigo wenyewe ukijitokeza baadaye, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo umuulize kama anautaka au umlipe. Majukwaa huhesabu madai ya kila akaunti, na akaunti iliyorudishiwa pesa huku mzigo ukiwa nyumbani hukataliwa dai lijalo hata likiwa la kweli.